Aliyeshika Shingo ya Gitaa

Hélène alimwombea rafiki yake mabaya, na alifanya hivyo akiwa amepiga magoti kanisani, rozari mkononi, watu wakimwona kuwa msichana wa sala. Aliomba vidole vya Ange vife ganzi. Hakuomba afe wala augue, maana hiyo aliiona kuwa dhambi. Aliomba vidole tu, vya mkono wa kushoto, tena kwa muda kidogo. Mungu hakujibu ombi lile. Aliyejibu alikuwa mwingine, na huyo hakujali habari ya muda.

Shule yao ya pale Kasuku, mjini Kindu, ilikuwa imeanzisha darasa la gitaa kwa wanaoanza. Mwalimu alikuwa Blaise, mtu mwembamba, suruali yake fupi kuliko miguu, aliyekusanya magitaa huku na kule hadi yakatosha nusu ya wanafunzi. Kwa hiyo akaweka utaratibu wake: wanafunzi wawili, gitaa moja. Walikaa kwenye benchi paja kwa paja. Wa kushoto alishika shingo ya gitaa na kubana nyuzi, wa kulia alipiga.

"Ninyi ni muntu mumoja," Mwalimu Blaise aliwaambia. "Muntu mumoja mwenye vichwa viwili, na vyote viwili viko vitupu."

Watoto walicheka. Sheria ilikuwa kwamba hakuna anayekaa na gitaa peke yake mpaka Mwalimu amwone ameiva. Siku hiyo anapewa gitaa zima, na darasani walisema amepewa mkono wa pili.

Hélène alipangwa na Ange, jirani yake tangu walipokuwa wakitambaa. Ange alishika, Hélène alipiga. Ange alikuwa na vidole ambavyo mtaa mzima uliviamini, maana baada ya shule alisuka nywele barazani kwao, na kwa kusuka huko alijilipia shule na kuwalisha wadogo zake. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na kovu la maji ya moto, yale ya kuchovya ncha za misuko. Kovu laini, linaloteleza, kama ganda la ndani la kitunguu. Hélène alilijua kovu hilo kwa kichwa chake mwenyewe, maana Ange ndiye aliyemsuka tangu utoto.

Haukupita muda mrefu, Mwalimu Blaise akasimama mbele ya benchi lao, akasikiliza, akakuna shingo.

"Ange, njoo huku mbele. Chukua lile gitaa la dukani. Wewe umepata mkono wa pili."

Darasa lilishangilia, na Hélène pia. Lakini moyoni alijiuliza. Yeye ndiye aliyepiga nyuzi zile. Mbona sifa zilikwenda upande wa kushoto tu? Jumapili iliyofuata ndipo alipopiga magoti na kuomba alivyoomba.

Ange alipoondoka kwenye benchi, Hélène alibaki na gitaa la zamani lililotoka Lokandu. Lilichongwa wakati wa vita, tumbo lake ni mbao za mtumbwi, nyuzi zake ni za kebo ya breki ya baisikeli iliyofumuliwa. Hakuna aliyelipenda, kwa kuwa liliuma vidole.

Mchana mmoja, zamu yake ya kufagia, mvua iliwazuia kurudi nyumbani. Wenzake walikuwa kwenye veranda wakipiga kelele. Hélène alimaliza kufagia, akalichukua gitaa lile, akakaa upande wake wa kulia kwa mazoea, pembeni mwake patupu. Akapapasa ubao wa benchi kwa kiganja, akasema kwa uchungu wa mzaha:

"Karibu basi, mwenzangu. Kaa. Wewe usiniletee maringo kama yule."

Kule Kindu mtoto hufundishwa mapema kwamba kiti kitupu hakikaribishwi. Unamkaribisha mtu unayemwona. Mama yake, Mama Odette, alikuwa amemchapa kwa kosa hilo alipokuwa mdogo, akicheza na wageni wa kufikirika. Alijua. Alisema tu.

Akapiga uzi wa kwanza, ukalia kama kawaida. Akapiga wa pili. Alipopiga wa tatu, sauti ilikuwa ya juu kuliko inavyopaswa kuwa. Akatazama. Kule shingoni uzi ulikuwa umelala chini, umegusa ubao, kama unavyolala chini ya kidole cha mtu. Kidole hakikuwapo. Benchi likazama kidogo upande wa kushoto, kukaja harufu ya taa ya mawese iliyozimwa sasa hivi, na darasani mle hamkuwa na taa.

Hélène aliinuka nusu. Mlango ulikuwa wazi, wenzake walikuwa hatua chache tu, wanacheka. Lakini sauti ile ilikuwa imelia vizuri. Ilikuwa imelia vizuri kuliko ya Ange.

Akakaa tena.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Hélène alijifunza kulaza mkono wake wa kushoto juu ya nyuzi na kuulegeza. Vidole vya baridi vilikuja juu ya vyake, vikavisukuma mahali pa kushika, vikavihamisha, naye alipiga tu. Aliyetazama aliona msichana anayepiga gitaa peke yake. Mwalimu Blaise alimsikiliza huku mdomo umeachama.

"Hélène, ulikuwa unatuficha?"

"Amekula gitaa, Mwalimu," alisema Blanchard wa benchi la nyuma. "Mutazame tumbo yake, itaanza kulia sasa hivi."

Ange ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alimkumbatia Hélène mbele ya darasa, kisha akatazama mkono wake wa kushoto, akaukung'uta.

"Hiki kidole kidogo kimelala," alisema. "Tangu asubuhi. Ninakiamsha, kinakataa."

"Ulikilalia," Hélène alijibu.

"Labda."

Kidole hakikuamka. Kila mara Hélène alipopiga, ganzi ya Ange ilisogea: kutoka cha mwisho kwenda cha pete, kutoka cha pete kwenda cha kati. Gitaa la dukani likawa linamtoka mikononi. Lililokuwa baya zaidi ni nywele. Hélène alikuwa amekaa pale barazani siku mteja mmoja, mama wa sokoni mwenye ulimi, alipojishika kichwa na kuuliza:

"Dada, hii njo misuko ao kiota ya ndege? Nitaenda na hii kwa ndoa ya muntu?"

"Nisamehe, mama. Nitafumua nianze tena."

"Ufumue, lakini mie ninaenda kwa mwingine."

Wateja waliondoka mmoja mmoja. Wadogo wa Ange walianza kuja kwa kina Hélène saa za chakula na kusimama mlangoni. Na Hélène alipowaona, kabla huruma haijafika, moyo wake ulicheka. Alihisi moyo ukicheka, akaona aibu. Kesho yake akapiga tena gitaa, maana Mwalimu Blaise alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi mmoja atapiga kwenye sikukuu ya parokia, na kila mtu alijua sasa ni nani.

Kwa ajili ya sikukuu hiyo aliomba kulipeleka gitaa nyumbani. Baba yake, Louis, alikuwa Kampene kwenye biashara ya madini, haji ila mara chache. Mama alikuwa sokoni. Hélène alikaa kwenye kitanda cha sebuleni, jua la saa tisa likiingia dirishani, akaulaza mkono wake.

Vidole vilikuja. Siku hiyo vilikuja polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayevaa glovu, na cha shahada kilipolala juu ya ukucha wake, Hélène alihisi kitu laini kinachoteleza, kipande kidogo cha ngozi kisicho na mistari, na kabla akili yake haijasema jina, ngozi ya kichwa chake ilikuwa imekwisha kukumbuka, imesisimka kuanzia utosi hadi kisogoni, kwa sababu vidole hivi vilikuwa vimepita katika nywele zake maisha yake yote. Havikuwa vidole vya mgeni. Vilikuwa vya Ange.

Alijaribu kuuvuta mkono. Haukuvutika. Vidole vya Ange vilibana vyake mpaka kebo ya breki ikamkata, na mkono wake wa kulia, ambao hakuna aliyeushika, ukaanza kupiga wenyewe, wimbo ambao hakufundishwa, wimbo wa taratibu unaorudi palepale kila mara kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, na kitanda kikazama kushoto kwake, kikazama sana, na harufu ya mawese yaliyoungua ikajaa hadi akakohoa, akafungua mdomo amwite mama na sauti haikutoka.

Mama Odette aliingia na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Aliusikia wimbo kutoka mlangoni. Beseni likaanguka. Hakupiga kelele, alisimama tu, macho yametoka, na mkono wake wa kuume ukainuka wenyewe hewani, ukaanza kudonoa nyuzi zisizokuwapo, sawasawa na mkono wa binti yake, kidole kwa kidole.

Kwa mkono wa kushoto aliushika huo wa kuume, akaupiga kwenye ukuta. Akapiga tena. Ulipotulia, alimrukia Hélène, akamsukuma chini, gitaa likadondoka sakafuni. Wimbo uliendelea kidogo peke yake, kisha ukakatika.

"Umeitoa wapi hii?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ya shule, mama. Mwalimu aliileta kutoka Lokandu."

"Hii njo gitaa ya Kitenge." Mama Odette alikaa chini katikati ya sombe, akajifunga nguo yake vizuri kana kwamba kuna baridi. "Nilidhani ilioza."

Ndipo alipomweleza, kwa sauti ya chini, akitazama gitaa muda wote. Wakati wa vita mji ulizungukwa. Treni haikuja, barabara zilifungwa, watu walikula majani ya muhogo bila chumvi. Kulikuwa na mpigaji gitaa, Kitenge, ambaye risasi ilikuwa imempita mkono wa kuume na kuukausha. Mkono wa kushoto ulibaki mzima. Akatafuta mtu wa kumpigia nyuzi wakati yeye anashika shingo, akampata Odette, msichana wa mtaani. Walikaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, taa ya mawese moja, watu wakiingia kimyakimya kusikiliza na kuacha kipande cha muhogo, siku nyingine chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani.

"Tuliishi na hiyo," alisema. "Sisi wote kwetu. Mie ninamushukuru. Lakini baba yako alipoleta posa, Kitenge akanishika huu mukono akaniambia: huu si wako, huu ni wangu. Hakukasirika hata. Alisema tu, kama vile muntu anasema hii ni kofia yangu. Na tangu siku ile mukono ukakufa ganzi. Baba yako njo alinipeleka Kampene kwa miguu, na kule, mbali na hiyo nyimbo, ukarudi. Tuliporudia Kindu, Kitenge alikuwa amekufa."

"Sasa njo yeye?" Hélène aliuliza. "Mama, njo yeye amekuja?"

"Sijui. Weye ulifanya nini?"

Hélène alisema yote: sala ya kanisani, benchi, neno la karibu. Mama Odette hakumpiga. Hilo lilimwogofya kuliko kipigo.

Walikuwa Wakatoliki, lakini katika mji ule watu wanajua mlango wa kugonga. Walikwenda kwa Maalim Ali, mzee aliyeshona kanzu na kutengeneza vyerehani mchana, na kwa majirani walioshikwa na majini alisoma dua. Alilitazama gitaa bila kuligusa.

"Si Kitenge," alisema. "Muntu akikufa amekwenda kwa Mungu wake, hana ruhusa ya kurudi kushika gitaa. Huyu ni jini. Alikaa na Kitenge, akala wivu wake, akapenda ladha. Njo chakula yake. Sasa weye, binti, ukamukaribisha na sahani ikiwa imejaa."

"Utamupa dawa gani, Maalim?" Mama Odette aliuliza.

"Kusoma nitasoma, na ubani nitachoma. Lakini wivu uliofichwa unamunenepesha. Ukisemwa mbele ya mwenyewe, unamuchachia mudomoni. Mulete huyo mwenzake. Wakae vile walivyokuwa wanakaa."

Ange alikuja bila kuelewa, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Wakati huo ni kidole gumba tu kilichobaki hai. Aliketi kushoto, Hélène kulia, gitaa katikati, kwenye benchi la uani kwa Maalim, kuku wakipekua majani. Hélène hakuweza kumtazama usoni.

"Ange, nilikuombea vidole vyako vife."

"Unasema?"

"Nilikuombea. Kwa sababu ulipewa mkono wa pili, mie nikaachwa. Na vilipoanza kufa nilijua, nikaendelea kupiga. Wadogo zako walisimama mlangoni kwetu, nikafurahi."

Ange aliutazama mkono wake uliofungwa. "Uliniombea wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani," alirudia Ange. "Mbele ya watu, na ile kitambaa yako nyeupe kichwani."

"Ndiyo."

"Na mie nilikuwa ninakuja kwenu kuomba kamba ya kufungia mukono."

"Mushike gitaa," alisema Maalim Ali. "Mutakasirikiana baadaye. Mupige, na yeyote atakayekaa katikati yenu, musimutazame."

Akaanza kusoma. Moshi wa ubani ulipanda wima, kisha ukainama. Ange aliviweka vidole vyake vilivyokufa juu ya nyuzi kama mtu anayepanga vijiti, Hélène akapiga, na sauti ikatoka butu, mbaya, sauti ya wanaoanza; na hapo benchi lilizama katikati, paja la Hélène likagusa kitu kilichokuwa baridi na chenye unyevu mahali ambapo lilipaswa kuwa paja la Ange, harufu ya mawese ikaushinda ubani, kuku wakakimbilia chini ya cherehani, na huyo wa katikati akaanza kuhema, si kwa hasira, kwa njaa, akielekeza pumzi sikioni mwa Hélène, kisha sikioni mwa Ange, kama anayeonja vyungu viwili, na Mama Odette kwenye jamvi lake alilalia mkono wake wa kuume kwa uzito wote wa mwili akisema Salamu Maria, na Maalim akipandisha sauti, na Hélène akirudia kwa machozi maneno yaleyale, nilikuonea wivu, Ange, nilikuonea wivu, nilikuonea wivu, hadi neno likachakaa, likawa halina kitu ndani.

Uzi mmoja wa kebo ulikatika. Benchi likapanda juu kwa ghafla.

"Kinachoma," alisema Ange. "Cha shahada kinachoma. Na hiki. Na hiki."

Alilia na kucheka pamoja, akivikunja vidole. Cha shahada, cha kati, cha pete. Cha mwisho hakikukunjika. Walisubiri. Maalim akasoma tena. Kidole kile kidogo kilibaki kimenyooka, baridi.

"Ametoka, Maalim?" Mama Odette aliuliza.

Mzee alikuwa anazifungua nyuzi za gitaa moja moja, akizikunja mfukoni. "Kwa binti yako ametoka," alisema.

Hélène alimwambia Mwalimu Blaise kwamba hajui kupiga, akaanza upya, akibana nyuzi kwa vidole vyake mwenyewe hadi vikaota sugu. Sikukuu ya parokia ikapita bila yeye. Alijifunza polepole, vibaya kwanza, kisha vizuri. Mwaka uliofuata alipewa gitaa zima kwa haki, na leo anapiga kwenye kwaya.

Ange alisema amesamehe, na pengine siku ile ilikuwa kweli. Lakini kidole kimoja si kitu kidogo kwa msusi. Misuko ile midogo ya kukaza hawezi tena. Wanaotaka hiyo wanakwenda kwa wengine. Gitaa aliliacha. Hata hivyo haachi kuja kwenye mazoezi ya kwaya. Anakaa pembeni, mikono mapajani, anatazama vidole vya Hélène, anatabasamu.

Jumamosi iliyopita, katikati ya wimbo, Hélène alibana uzi kwa kidole cha mwisho na hakuuhisi. Akatazama. Kidole kilikuwa mahali pake, kimebana vizuri, ila kilikuwa kama cha mtu mwingine. Alimaliza wimbo. Aliweka gitaa chini, akapita kati ya wanakwaya, akapiga magoti mbele ya Ange.

"Una nini nami, Ange?"

"Mie? Sina kitu."

"Uko na kitu."

"Niko na furaha. Unapiga vizuri, dada yangu. Kila mara ninawaambia watu: yule ni dada yangu."

Mkono wa Hélène ulikuwa umeanza kuingia baridi kwenye kidole cha pili. Aliuweka juu ya goti la rafiki yake, kiganja juu, wazi.

"Usiniite dada," alisema. "Nitukane. Sema ile yote iko ndani, isimunenepeshe, hapa, mbele ya watu. Nakuomba, Ange."